Mwenyekiti Hang'oki: Majibu Saba ya Watu wa Kasulu na Kibondo

Sisi wa Kigoma tuna kipaji cha kuzaa vijana wanaogombana na wenyeviti wao. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilipata majimbo manne nchi nzima, na yote manne yalikuwa kwetu: Kasulu Mjini kwa Moses Machali, Kasulu Vijijini kwa Agripina Buyogera, Muhambwe kule Kibondo kwa Felix Mkosamali, na Kigoma Kusini kwa David Kafulila. Desemba 2011 chama hicho kikamvua Kafulila uanachama, baada ya yeye na wenzake kutaka James Mbatia aachie uenyekiti. Novemba 2013 ikawa zamu ya Chadema: Zitto Kabwe, naibu katibu mkuu na mbunge wa Kigoma Kaskazini, akavuliwa nyadhifa pamoja na Dk. Kitila Mkumbo na Samson Mwigamba, kwa tuhuma za waraka wa siri wenye mkakati wa kumng'oa mwenyekiti wao, Freeman Mbowe.

Wenyeviti wote wawili wakabaki vitini. Kuanzia Kumsenga mpaka Heru Juu, kila mtu akawa na la kusema. Tuanze na jepesi, tushuke mpaka lenye uzito.

7. "Msaliti huyo!"

Hili hutoka kinywani kabla taarifa ya habari redioni haijaisha. Msemaji hajauona waraka, katiba ya chama hajawahi kuifungua, na ada ya kadi yake mara ya mwisho aliilipa mwaka wa uchaguzi. Lakini usaliti anaujua kwa harufu.

6. "Msaliti ndiyo, lakini ni wetu."

Kigoma Kaskazini ni kule chini, upande wa ziwa. Mtu wa Kibondo akitaka kufika Mwandiga kwa Zitto, enzi zile ilikuwa safari ya kutwa nzima na vumbi mpaka kwenye kope. Siku ya hukumu ya Kamati Kuu, umbali wote ule ukafutika na ukoo ukapanuka ghafla. Desemba ile katibu mkuu wa Chadema, Dk. Willibrod Slaa, alipokuja ziara mkoani, alipokewa pia na mabango ya kumtetea Zitto. Ndiyo raha ya siasa zetu: asubuhi unafagia uwanja wa mkutano wa katibu mkuu wako, mchana unamnyanyulia bango.

5. Wachambuzi wa herufi

Waraka ule haukutaja watu kwa majina. Uliwaita kwa M na namba, kama dawa za mahindi. Basi vijiwe vikageuka idara ya usalama: M huyu ni nani, M yule ni nani, na huyu mwingine mbona hatajwi? Zitto alisema waraka haujui. Dk. Kitila alikiri kwamba anaujua. Kijiweni wakaamua wanaujua kuliko wote wawili.

4. "Mbunge mzima analia?"

Kafulila alibubujikwa na machozi aliposikia hukumu yake ya 2011, na picha ikasambaa. Wazee wakatikisa vichwa: mwanamume wa Kiha halii mbele ya watu, labda moshi umemwingia. Akina mama wakajibu kwamba wazee haohao huwa wanalia jioni wakishatoka kilabuni, tena kwa sauti.

Mimi nilikuwa upande wa akina mama, kwa sababu nyingine kabisa. Huyu bwana alikuwa ameshazoea. Alipofukuzwa Chadema mwaka 2009, Dk. Slaa alimwita sisimizi. Mwaka 2014, sakata la fedha za akaunti ya Escrow lilipochacha bungeni, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Frederick Werema, akamwita tumbili. Ndani ya miaka mitano mtu ameshaizunguka hifadhi nzima bila kulipa kiingilio. Na waliosema 2011 kwamba amekwisha, ndio waliokuwa wakimshangilia 2014 akiwabana wakubwa kuhusu mabilioni ya Escrow. Werema alijiuzulu Desemba ya mwaka huohuo.

3. Mawakili wa kijiwe cha kahawa

Kabla ya migogoro hii, neno "zuio" Kasulu lilihusu mbuzi kuingia shamba la watu. Baada ya Kafulila kuokoa ubunge wake kwa zuio la mahakama, na hasa baada ya Zitto kukimbilia Mahakama Kuu Januari 2014, kila muuza vocha akawa wakili wa kujitegemea.

Hapa utani unapungua kidogo. Ibara ya 71 ya Katiba ya nchi inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, ubunge nao umekwisha. Ndiyo maana ugomvi na mwenyekiti si ugomvi wa chama tu. Wewe umepanga foleni toka alfajiri, umepiga kura, mtu wako ameshinda. Kisha kikao cha watu wachache Dar es Salaam, ambao matuta ya barabara ya Nyakanazi hawajawahi kuyahesabu kwa kiuno, kinaweza kumtoa kabla ya chai ya saa kumi. Wewe huulizwi. Machi 2015 kesi ya Zitto ikatupwa, Chadema wakasema si mwanachama tena, naye akaliaga Bunge na kuhamia chama cha ACT. Mzee mmoja pale kijiweni alilisema vizuri kuliko mawakili wote: "Kumbe mbunge ni wao, sisi tuliwasindikizia tu."

2. Kopo la kadi

Nenda kwa mkereketwa yeyote wa enzi zile, muombe akufungulie kopo la Blue Band anamowekea nyaraka. Chini kabisa kuna kadi ya NCCR, kona zimeliwa na mende. Juu yake ya Chadema. Halafu ya zambarau ya ACT. Zimefungwa kwa raba moja pamoja na cheti cha kliniki cha mtoto ambaye sasa naye anapiga kura.

Yeye kopo limejaa, wakubwa je? Machali alienda ACT, kisha CCM, akawa mkuu wa wilaya. Kafulila alirudi Chadema, akatoka kwenda CCM, akawa mkuu wa mkoa wa Simiyu. Dk. Kitila akawa katibu mkuu wa Wizara ya Maji, kisha mbunge wa Ubungo kwa tiketi ya CCM, kisha waziri. Ukishindwa kumng'oa mwenyekiti, inaelekea unapewa gari. Sisi tuliobaki na bendera tunafutia baiskeli.

1. "Subirini, mtaona."

Hili lilisemwa na wachache, tena kwa sauti ya chini. Septemba 2022 mkutano mkuu wa NCCR uliokutana Dodoma ukamwondoa Mbatia. Machi 2024 Zitto alimaliza muda wake ACT, akamwachia Dorothy Semu uongozi wa chama. Yaani aliyetuhumiwa kukitaka kiti cha mwenzake alitangulia kutoka kwenye chake. Na Januari 2025, pale Mlimani City, Mbowe akashindwa uchaguzi wa mwenyekiti wa Chadema kwa kura 482 dhidi ya 513.

Aliyemshinda ni Tundu Lissu, mwanasheria yuleyule aliyekitetea chama mahakamani dhidi ya Zitto. Kasulu walicheka mpaka kahawa ikapoa.