Mhadhara Mkuu Kuhusu Injini ya Mashindano kwa Wenye Mfuko Mwembamba

Waheshimiwa madereva wa autokrosi, mafundi wa Barabara ya Kirinyaga, wadhamini mliojificha nyuma ya nguzo, na akina mama ambao karo ya muhula huu imegeuka kuwa kemshafti: tulieni. Kalamu mkononi, simu mfukoni. Anayesimama mbele yenu ni Profesa wa Injini. Shahada nimejitunuku mwenyewe, kwa kuwa sikuona chuo chenye hadhi ya kunitahini.

Mada yetu ni kuunda injini ya mashindano kwa pesa kidogo. Wengi wamelizungumza jambo hili na wote wamepotoka, kwa sababu wanaanza na injini. Kanuni ya Profesa ni moja tu, iandikeni kwa herufi kubwa: PESA IENDE INAKOONEKANA. Mtazamaji aliyesimama vumbini haoni beringi. Haoni pampu ya oili. Anaona stika, anasikia egzosi. Kwa hiyo robo tatu ya bajeti iende kwenye rangi, stika na bomba la egzosi linaloweza kumeza mkono wa mtu mzima. Robo inayobaki ni ya injini, ikibaki.

Kielelezo chetu leo ni 4A-GE ya Toyota, iliyotoka mwaka 1983 na kuvuma ndani ya Corolla AE86. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,587, valvu 16, kipenyo cha silinda milimita 81, na pistoni husafiri milimita 77. Nazitaja tarakimu hizi si kwamba zitawafaa, ila mhadhara usio na tarakimu hauna heshima.

Tuanze na ununuzi. Injini ya mtumba huchaguliwa kwa kutazama kifuniko cha valvu. Kikiwa kimepakwa rangi mbichi, lipa hapohapo kabla mwingine hajatokea. Wapo wauzaji watakaokuruhusu upime mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Kataa! Geji ni fitina. Unafika dukani ukiwa na silinda nne zinazopendana, unaondoka ukijua kwamba ya tatu haisemezani na wenzake.

Sasa umeifikisha injini gereji na umeifungua. Hapa ndipo wanapoingia maadui wa sayansi wakiwa na mikromita. Watakwambia kwamba mwanya kati ya krenki na beringi yake ni karibu sehemu moja ya elfu ya kipenyo, yaani penye milimita 42 panatakiwa milimita 0.04 hivi, pungufu ya unene wa unywele. Watadai kwamba humo hukaa utando wa oili: mwanya ukizidi, shinikizo la oili linashuka; ukipungua, beringi inaungua. Nawauliza, wasomi wangu, kitu chembamba kuliko unywele kitaangushaje chuma? Huko ni kuamini visivyoonekana, na mimi ni mwanasayansi.

Vivyo hivyo ringi za pistoni. Utakuta ncha zake hazikutani. Kwa silinda ya milimita 81 zimeachiwa nafasi ya milimita 0.3 hivi. Mafundi husema chuma hutanuka kikipata joto, na ncha zikikutana ringi hukwama, ikakwangua silinda au ikavunjika. Mimi nasema Mjapani aliitwa kula chakula cha mchana akasahau kumalizia kazi. Nunua ringi kubwa zaidi, uziingize kwa nyundo.

Tuje kwenye bolti za konrodi. Injini hii ikifika mizunguko 7,500 kwa dakika, kila pistoni husimama na kugeuka mara 250 kwa sekunde. Inapogeukia juu, huivuta konrodi kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 3,000, kwa hiyo kipande kisichofika nusu kilo kinavuta kwa zaidi ya tani moja. Waoga wakisikia hesabu hiyo hukimbilia bolti mpya. Jamani, bolti za zamani zina uzoefu! Nani humfukuza mfanyakazi mwenye uzoefu? Zirudishe, uzikaze mpaka mshipa wa shingo utokeze. Zile spana zenye kipimo, na ule utaratibu wa kukaza silinda hedi kuanzia katikati kwenda pembeni, hatua kwa hatua, ni ibada za watu wasioamini misuli yao.

Kuhusu silinda hedi yenyewe, ikwanguliwe. Ukikwangua, chumba cha mwako kinapungua, mgandamizo unapanda, nguvu inaongezeka. Hilo ni kweli, hata adui zangu wanalikubali. Wao lakini hutaka kupima ujazo wa chumba, kupiga hesabu, kisha kuuliza petroli ya kituo itahimili mgandamizo gani kabla haijaanza kulipuka yenyewe na kutoboa pistoni. Nyinyi kwangueni kwanza. Injini ikianza kugonga ndani, ongezeni sauti ya redio.

Sura ya hewa inahitaji utulivu, kwa kuwa ina hesabu. Jiji la Nairobi liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza asilimia 3 hivi ya nguvu kwa kila mita 300 inazopanda. Kwa hiyo injini iliyoondoka Mombasa na farasi 100 huingia Nairobi na 83 hivi. Hao 17 wameshukia Mtito Andei wanakula nyama choma. Wajinga hulikubali jambo hili, wakarekebisha kiasi cha petroli kilingane na hewa iliyopungua. Mimi nimegundua tiba: ng'oa chujio la hewa, injini ipumue kwa uhuru. Watawatisha kwa vumbi la feshifeshi la Naivasha, lile laini linalopenya hata mlango uliofungwa, kwamba linasaga ringi na kuta za silinda. Ni kweli linasaga. Lakini karakana ikisaga silinda inakutoza, na vumbi linasaga bure! Hiyo ndiyo bajeti.

Na oili? Gari likikata kona kwa kasi, oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, pampu ikanyonya hewa, beringi zikakaa kavu. Wapo wanaochomelea vipande vya bati ndani ya sampu ili oili isihame. Fundi yeyote wa jua kali anaifanya kazi hiyo kwa ujira mdogo, na kwa sababu hiyohiyo Profesa anaidharau. Kitu cha bei nafuu kiasi hicho kitakuwa na faida gani?

Naona mkono umeinuka nyuma pale. Ni mzee mwenye ovaroli iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake. Sema, mzee wangu, ila kwa ufupi.

Anasema hivi: "Profesa, samahani. Joginder Singh alishinda mbio za magari za Safari mwaka 1965 na Volvo iliyokwisha kutumika. Alikuwa fundi, aliijua nati kwa nati. Mwenye pesa kidogo aiache injini ya kawaida iwe ya kawaida. Pesa aiweke kwenye kupima, kuosha, beringi mpya, ringi mpya, gasketi mpya, redieta nzima na oili safi. Nguvu ataitafuta msimu ujao. Asiyefika mwisho hana muda wa kuandikiwa."

Mzee, shikamoo. Umri wako nauheshimu, hoja yako naizika. Kufika mwisho! Aliyemaliza wa sita nani humpiga picha? Anayepasua injini mbele ya jukwaa hupigwa picha na umati mzima. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwanafunzi wangu mmoja injini yake ilisifiwa sana Ijumaa jioni, na Jumapili asubuhi ikatia maji kwenye oili, ikatoka rangi ya chai ya maziwa. Picha zake zinazunguka hadi leo. Nionyesheni picha moja ya gasketi iliyofanya kazi yake ikanyamaza!

Mzee bado amesimama. Ananiongezea Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na Datsun zisizo na makeke. Naam, namjua. Huyo alishinda kwa sababu hakuhudhuria mhadhara huu. Angehudhuria, tungekuwa na picha nzuri zaidi.

Naona baadhi yenu mnahamia upande wa mzee, na wengine mnamwomba namba ya simu. Nendeni. Mtatumia miezi mkipima milimita, mtarudi na gari lisilo na stika, linawaka kwa ufunguo mara moja, halina moshi, halina mlio wa kutisha, na linarudi nyumbani kwa magurudumu yake. Jirani hata hatajua kwamba mlikwenda mashindanoni. Ni aibu iliyoje!

Mliobaki na mimi, hongereni. Vyeti viko mlangoni, kila kimoja kimesainiwa na Profesa pande zote mbili. Jumamosi ijayo tutaendelea na somo la pili, Namna ya Kuvutwa kwa Kamba Bila Kupoteza Heshima. Ada ni ileile na inalipwa kabla ya somo. Kamba kila mtu aje na yake.