Sifa za Adapta

Mnazi ulishapata washairi wake, na jahazi nalo likapata wa kwake. Adapta haijapata hata mghani mmoja. Naizungumzia ile inayochomekwa kwenye simu, kisha upande wa pili ikapokea flashi au waya wa HDMI unaokwenda kwenye runinga. Droo yangu imejaa ukoo mzima wa adapta, zote mpya, zote hazina kazi. Deni la kuzisifu limeniangukia mimi.

Sifa yake kuu ni kutunza siri. Litazame tundu la USB-C inamochomekwa: kwenye simu ya laki mbili na ya milioni tatu ni lilelile, na halikuambii kitu. Linatoa picha? Kimya. Linapitisha data kwa kasi gani? Kimya. Nyaya nazo ndizo hizohizo, moja ya kuchajia tu, nyingine ya kupitisha picha, zote nyeusi, zote zimefungwa kwa kiplastiki kimoja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Adapta imewazidi wahenga, kwa maana kimya chake hakina hata huo mshindo. Unachomeka, runinga inabaki bluu ikidai haipati mawimbi, na mashemeji waliojipanga kwenye kochi kutazama video ya harusi wanaanza kutazamana wenyewe. Huenda kosa ni la simu, huenda ni la waya. Adapta inajua, lakini haimtaji mtu. Muuzaji wa Kariakoo naye kala kiapo hichohicho: "Inakubali simu zote, bosi wangu." Pakiti inasema vivyo hivyo. Siri inasafiri salama kutoka kiwandani hadi kaunta, na risiti inagongwa muhuri kuitia kufuli: mali ikishauzwa hairudishwi.

Sifa nyingine nizitaje nikiwa wima. Adapta hufundisha kiasi: flashi tupu ya GB 64 hukataa video ya GB 5, ikiwa imefomatiwa kwa FAT32, maana FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4. Nani alikutuma ufanye harusi ndefu? Hukomaza moyo pia. Simu nyingi zikichomekewa diski iliyofomatiwa kwa NTFS, zisiyoielewa, hujitolea kuifomati, yaani kufuta kila kilichomo, kwa upole wa mhudumu anayeuliza kama akuongezee chai.

Basi, tuache utani kidogo. Tundu la USB-C halikuzaliwa bubu. Lilitangazwa mwaka 2014, na kanuni zake zina njia ya kupitisha picha. Walioziandika wakaifanya njia hiyo kuwa hiari, na mtengenezaji akiachiwa hiari huchagua kubana senti. Hata kasi ni hivyohivyo. Apple ilipohamia USB-C mwaka 2023, iPhone 15 ya kawaida iliachiwa megabiti 480 kwa sekunde, kasi ya USB 2.0 iliyotoka mwaka 2000, huku iPhone 15 Pro ikipewa gigabiti 10. Yaweke matundu hayo mawili mezani uniambie lipi ni lipi. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, umelazimisha simu mpya zinazouzwa kwao ziwe na tundu hilo, ila kwa ajili ya chaji. Picha haikulazimishwa.

Na memori kadi je? Samsung iliiondolea Galaxy S21 nafasi ya kadi mwaka 2021, na siku hizi simu nyingi za bei ya juu hazina. Badala yake unauziwa hifadhi ya mtandaoni kwa mwezi: unalipa pango la picha zako mwenyewe, na bando la kuzipandisha na kuzishusha ni juu yako.

Kampuni inayotengeneza simu inajua fika ipi inatoa picha na ipi haitoi. Boksi lina nafasi ya kutangaza megapikseli za kamera kwa herufi kubwa kama za bango la uchaguzi, lakini mstari mmoja wa kusema "tundu hili halitoi picha kwenye runinga" hautoshei. Matokeo yake yule kijana wa Kariakoo, aliyeuza adapta nzima kwa elfu kumi na tano, anaitwa tapeli sokoni. Aliyeuza simu ya laki sita akanyamaza hana kesi yoyote, na mwakani atazindua nyingine.