Kamba ya Bibi Neema

Nyumba yetu ya Goba ina ukoka mbele na banda la kuku nyuma. Mashine ya kukatia nyasi niliinunua ya mtumba Kariakoo. Ilifanya kazi Jumamosi tatu, ya nne ikagonga jiwe, kisu kikapinda. Nikaifunika turubai kando ya banda nikisubiri fundi. Fyekeo lilikuwemo stoo, ila mtu akishaonja kusukuma mashine, kuinama huwa kugumu. Masika yakaingia. Kufikia Mei nyasi zilinifika magotini, na kuku wa mke wangu, Mama Neema, wakawa wanaonekana vichwa tu.

Siku moja mke wangu akaokota gamba la nyoka. Chama tawala kilipotangaza kujivua gamba mwaka 2011, nchi nzima ilitaka kujua mwenye gamba ni nani. Mimi mwenye gamba hili sikutaka kumjua. Nikasema, "La zamani hilo."

"La zamani, na bado laini hivi?"

Wiki hiyohiyo mama mkwe, bibi yake Neema, akaja kutoka Pangani. Usiku wa pili umeme ulikatika, akaniita kutoka uani kwa sauti ya taratibu: "Baba Neema, kuna kamba hapa kwenye ngazi."

"Iache tu, mama. Kesho nitaifunga tuanikie nguo."

Kimya kidogo. "Baba, kamba inatembea."

Nilikuwa nimesahau kwamba wazee wetu usiku hawamtaji nyoka kwa jina, kama wasivyoitaja sindano. Mke wangu hakusahau. Alinipita mlangoni akamvuta mama yake ndani. Mimi nilijikuta juu ya stuli, tochi ya simu ikimulika dari.

Nyoka mwenyewe alikuwa kifutu, mfupi, mnene kama mkono wangu. Nyoka wengi wakihisi kishindo cha miguu huondoka. Kifutu hutulia palepale akiitegemea rangi yake, ndiyo maana watu humkanyaga. Katika nyasi zile nisingemwona hata saa sita mchana. Tena hatagi mayai, huzaa, na mara nyingi watoto 20 hadi 40 kwa mkupuo. Hesabu hiyo sikuitaja mbele ya mkwe.

Yeye alikuwa ameshatoa mkobani jiwe lake jeusi la kunyonya sumu. Nikamweleza kwamba mtu akiumwa hachanjwi wala hafungwi kamba, anawahishwa hospitali. Akanitazama pale juu ya stuli, akalirudisha jiwe mkobani.

Asubuhi kifutu hakuwepo, washauri wakawa wengi. Mmoja alisema vitunguu saumu, mwingine mafuta ya taa. Nikachagua oili chafu, nikaimwaga kuzunguka nyumba nzima. Ukoka wote wa ukutani ukafa. Wiki iliyofuata tuliokota gamba jingine.

Hatimaye nikaita kijana wa kufyeka. Alikuja na mabuti na fimbo ndefu, akawa anapiga nyasi kwanza ndipo afyeke. Alipofika bandani hakufyeka, alisogeza gunia la pumba kwa fimbo. Nyuma yake kulikuwa na mashimo ya panya, matatu.

"Bosi, nyinyi mnalisha panya, panya wanamlisha yeye. Nyasi ni godoro tu."

Sasa pumba zinakaa kwenye pipa lenye mfuniko, na kijana huja kila baada ya wiki mbili. Kifutu hatujamwona tena. Mashine bado iko chini ya turubai, na hakuna aliyejitolea kulifunua.