Jinsi ya Kuzeeka Mombasa Bila Kuona Mbuga Hata Moja

Kukaa jirani na wanyama pori miaka yote na usiwaone si kazi ndogo. Wazungu hupanda ndege usiku kucha kuja kuwatazama. Wewe uko nao matatu moja tu. Fuata hatua hizi, na inshallah utafikia uzee bila kuona hata swara.

Hatua ya kwanza: Amini kwamba mbuga ni za wageni. Gari la watalii likipita kwenye foleni ya feri, guna, useme, "Hao wana pesa za kuchezea." Usiulize kiingilio katu. Ukiuliza utaambiwa raia hulipa kwa shilingi, pungufu kabisa ya mgeni wa madola, tena kwa simu kupitia eCitizen, na hapo kisingizio kimekwisha. Pesa zako ziweke kwa dera la sare la harusi ya binamu. Hizo hazijawahi kukosekana.

Hatua ya pili, kwa watu wa Likoni: Ukifika Kombani, usikunje kulia. Njia hiyo inapanda Kwale, hadi Shimba Hills, hifadhi ya taifa tangu 1968. Huko ndiko makao ya mwisho ya palahala nchini Kenya, na kuna maporomoko ya Sheldrick, ambako askari wa shirika la wanyamapori, KWS, hukusindikiza kwa miguu msituni. Mwaka 2005 ndovu wa huko walipozidi na kuanza kuingia mashambani, KWS ilipakia 150 kwenye malori ikawahamishia Tsavo Mashariki. Yaani ndovu wa Kwale ametembea. Wewe hujavuka Kombani. Maji ya chemchemi za Marere nayo hutoka kwenye vilima hivyo na kuletwa kwa bomba hadi Mombasa. Yanywe, uyaoge, kisha uulize msitu una faida gani.

Hatua ya tatu, kwa watu wa Kisauni: Ukiulizwa kuhusu Haller Park, jibu, "Tulipelekwa na shule, darasa la nne." Jibu hilo latosha maisha yote. Usitake kujua kwamba pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, jangwa la mawe matupu, hadi René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Majani ya mivinje yalianguka yakakataa kuoza, mpaka walipoletwa jongoo wakayala na kuyageuza udongo. Msitu mzima umesimama juu ya kazi ya jongoo, nawe nyumbani wamponda kwa ndala.

Siku ya Idd, nenda ufuo wa Pirates na umma wote. Kodi tyubu, kula viazi karai, na usijisumbue kwamba bahari hiyo ya Nyali na Bamburi ni hifadhi ya taifa tangu 1986. Maji yakipwa, panda juu ya matumbawe na viatu vyako. Nyanyua kiti cha pweza, kipige picha mpaka kikauke, halafu mwakani ulalamike kwamba samaki wameadimika.

Hatua ya nne, kwa watu wa Changamwe: Stesheni ya SGR ya Miritini mnayo mlangoni, na treni hupita katikati ya Tsavo, mbuga iliyoanzishwa 1948. Ndovu wenye vumbi jekundu husimama karibu na reli bila kudai ada. Kaa dirishani, shusha pazia, ufungue TikTok. Abiria akipiga kelele, "Ndovu, ndovu!", ngoja mpaka wamepita ndipo uinue kichwa uulize, "Wapi?"

Hatua ya mwisho: Ngoja mgeni. Binamu wa Muscat akija likizo, yeye ndiye atakayekupeleka, na yeye ndiye atakayekueleza palahala ni mnyama gani.

Ukiona hatua hizi zimekushinda, basi fanya hivi: changeni watu saba mkodi gari, maana ndani ya mbuga huendi kwa matatu. Ondokeni asubuhi kabla jua halijawa kali, mbebe chakula na maji, na kila mtu awe na kitambulisho chake. Takataka mrudi nazo. Hifadhi za taifa ni mali ya umma, na umma ni wewe. Ada ya raia imewekwa ili uingie, si ili uisikie kwa majirani.