Sifa za Cherehani ya Mbao

Mnazi umesifiwa mpaka makuti yake. Ng'ombe wana majina ya heshima, majahazi yana nyimbo, hata daladala zina watu wanaozitungia maneno na kuyabandika kwenye kioo cha nyuma. Nimesubiri kwa muda nione nani atausemea msumeno wa nakshi, na kwa kuwa hajajitokeza mtu, jukumu nimelibeba mwenyewe. Najua wahenga walionya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini yule mgema alikuwa na tembo zuri la kuharibu. Msumeno wangu haujawahi kufanya jambo likanyooka, kwa hiyo sifa haziwezi kuudhuru.

Kwa asiyeujua, ni mashine ndogo ya mezani. Ina mikono miwili mirefu, mmoja juu ya kimeza na mwingine chini yake, na kati ya ncha zake imekazwa bledi moja nyembamba, unene haufiki nusu milimita. Ukiuwasha, bledi hupanda na kushuka mara 400 hadi 1,600 kwa dakika, nawe unausogeza ubao kwa vidole ukifuata mchoro. Usiutarajie ukupasulie mbao za kitanda. Kazi yake ni lesi ya mbao: maua, herufi, vipepeo, tundu ndani ya tundu. Aliyepita Mizingani, Unguja, akainua macho kwenye balkoni za ile zahanati ya kale ya Tharia Topan, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 1887, anajua uzuri wa mbao iliyotobolewa kama kitambaa. Akija barazani kwangu atajua pia umbali uliopo kati ya Mizingani na kwangu.

Fundi mmoja wa Keko nilipomwonyesha aliuzunguka mara mbili, akauliza kwa adabu, "Mzee, hii si cherehani?" Nilinuna, kisha nikaja kugundua kuwa alisema kweli kuliko alivyokusudia. Katika karne ya 19 Wamarekani walikuwa wakiikanyaga misumeno hii kwa miguu kama fundi nguo anavyokanyaga cherehani yake. Kampuni ya W. F. & John Barnes ya Rockford, Illinois, ilijulikana kwa mashine za namna hiyo. Basi nami naiita cherehani ya mbao, na kama cherehani nyingine, hukata uzi pale tu mteja anapofika.

Niseme kwanza jinsi tulivyokutana. Nilipostaafu nililipwa kiinua mgongo, na kila mtu akawa na ushauri: wengine kuku, wengine bajaji, wengine vyumba vya kupangisha. Mimi nikaingia mahali panapouzwa vitu vya mtumba, nikauona msumeno umelala kati ya baiskeli za watoto na jiko la kuchomea nyama. Hivyo kiinua mgongo kikanunua kitu cha kuuinamisha mgongo, na haujainuka tangu siku hiyo.

Muuzaji aliapa kwamba kilichohitajika ni kubadilisha plagi tu. Plagi nikabadilisha. Kumbe msumeno ulitengenezewa umeme wa Marekani, ambao ni volti 120, wetu ni 230, na hesabu hiyo niliielewa kwa pua. Ulitoka moshi mweupe, mwembamba, usio na haraka, kama udi wa mgeni wa heshima. Fundi redio aliifufua kadi ya kurekebishia mwendo kwa wiki mbili na fedha ambayo sitaitaja, kwa kuwa mama watoto hupenda kusoma magazeti. Tangu hapo umeme hupitia kwanza kwenye transfoma, sanduku la chuma lenye uzito wa mtoto wa darasa la kwanza, linalonguruma hata msumeno ukiwa umezimwa. Nani mwingine angenifundisha fizikia uzeeni, tena kwa vitendo?

Nausifu pia kwa uadilifu wa kazi. Tunaambiwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wangu haujasoma sheria: hukata ukishuka tu. Kupanda ni matembezi. Nusu ya saa zake za kazi unazitumia kurudi juu mikono mitupu, ukipiga kelele ileile ya anayechapa kazi. Nimekaa ofisini miaka mingi na nimewaona waliokuwa hivyo. Tofauti ni kwamba msumeno angalau hushuka. Zipo bledi ambazo meno yake machache ya chini yamegeuzwa kutazama juu, ili zikipanda zisafishe upande wa chini wa ubao usitoe nyuzinyuzi. Nilizinunua ili kuongeza tija. Ukweli ni kwamba upande wa chini unatoka laini, ila bledi ikipanda hutaka kupanda na ubao wenyewe, na usipoukandamiza unapigapiga meza kama mshangiliaji aliyelipwa.

Bledi nazo zinastahili beti zake. Urefu wake ni inchi 5, na zina makabila mawili. Moja lina vipini vidogo kwenye ncha, linavishwa haraka, lakini kila tundu la ndani lazima litobolewe kubwa ili kipini kipite. Ua lako linakuwa na jicho kubwa kuliko petali. La pili halina vipini, hupita hata kwenye tundu la sindano, ila hushikwa kwa skrubu na imani. Zinauzwa kwa dazeni, nami nilidhani dazeni ni ya mwaka. Plaiwudi ilinisahihisha: gundi iliyomo kati ya tabaka zake hula meno ya bledi kama sukari inavyokula ya watoto.

Njoo sasa usimame nami jioni moja nikivisha bledi namba 5. Naifuta kwanza kwa kitambaa chenye spiriti, maana hutoka kiwandani na mafuta, na mafuta yakiingia kwenye kibanio bledi huchomoka katikati ya kazi. Naibana chini, naibana juu, navuta wenzo wa kukazia. Halafu naidonoa kwa ukucha kama mpiga udi anavyojaribu waya. Ikilia dup, imelegea. Itapinda ndani ya ubao, na ukuta wa mkato utatoka na tumbo. Nakaza kidogo. Inalia tung. Bado. Nakaza tena, inalia tii, sauti safi, ya juu, yenye kuahidi. Hapo ndipo mtu mwenye busara huacha. Mimi hukaza robo nyingine kwa usalama. Inakatika kwa mlio wa kibiriti, na kipande cha juu kinaruka kwenda mahali ambapo kesho nitakikanyaga. Ndiyo maana nawashauri wenzangu wavae miwani, na viatu pia. Jirani yangu, mpenzi wa taarabu, ameniambia kwamba kwa mwezi mmoja nimepanda kutoka kuwa kelele na sasa nakaribia kuwa wimbo.

Kuhusu kimeza, kina kipimo cha nyuzi pembeni, na mshale wake husimama kwenye sufuri kwa utulivu wa shahidi aliyelipwa. Ukiuamini, kila utakachokata kitakuwa kipana chini na chembamba juu. Dawa yake nilijifunza polepole. Unachukua kigogo cha mninga chenye unene wa sentimita 5, unakikwaruza kwa bledi mfuo mdogo tu, unazima. Kisha unakizungusha na kukipeleka nyuma ya bledi. Kama meza iko sawa, mgongo wa bledi utateleza ndani ya mfuo uleule bila kugusa kuta. Kama haiko sawa, utaiona bledi imeegemea upande mmoja kama mlevi mlangoni. Unalegeza, unasukuma kwa upana wa unywele, unakaza, unarudia. Mara ya saba nilipofanikiwa nilimwita mama watoto aje kushuhudia. Alitazama mfuo, akanitazama mimi, akasema, "Hongera, Baba. Umekata nini?" Nilikuwa sijakata kitu.

Hata meza ikiwa sawa, bledi haiendi unakoielekeza. Meno yake yanapotengenezwa kiwandani, upande mmoja hubaki na ukali kuliko mwingine, kwa hiyo hula zaidi upande huo. Ukisukuma ubao moja kwa moja mbele, mstari unahama taratibu, na ukiulazimisha unafanya kiburi. Inakupasa uugeuze ubao kidogo, nyuzi chache tu, usukume kimshazari ili ukate kwa kunyooka. Nilikasirika mwanzoni. Kisha nikakumbuka kwamba hivyo hivyo ndivyo tunavyokwenda kuposa: hakuna anayeingia nyumba ya watu akasema shida yake mstari wa kwanza.

Nao utunzaji? Beringi zinataka tone la oili, vibanio vinataka kupigwa msasa visiteleze, na mpira wa kupulizia vumbi ulipopasuka niliweka mwingine wa tangi la samaki, ukapuliza vizuri kuliko wa mwanzo. Mtetemo ulipouhamisha msumeno kutoka dirishani hadi mlangoni, niliufunga kwa nati na kuulaza mfuko wa mchanga miguuni. Ubao ukiungua kwa msuguano, nabandika selotepu juu ya mchoro, na bledi hupita ikiwa imepoa. Ila skrubu ya kibanio, ndogo kama punje ya mchele, huanguka kila Jumamosi, tena huanguka penye maranda mengi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama mara nyingi mpaka jirani mmoja mpya alidhani nimeanza kuswali nyakati za ziada.

Hayo yote, hata hivyo, ni sifa ndogo. Sifa kuu ya mashine hii ni kwamba haiwezi kugeuzwa kuwa mradi. Katika mji wetu huwezi kufuga njiwa wawili bila kuulizwa unauza jozi shilingi ngapi. Ukipika maandazi matamu, utaambiwa ufungue banda. Ukiimba bafuni, mtu atakutafutia studio. Tumefika mahali ambapo kila kipendwacho lazima kilete chenji. Msumeno wangu unasimama mlangoni kuzuia hilo. Kwa bledi unazokula, kwa uniti za LUKU zinazonywewa na transfoma, kwa siku tatu za kutoa kipepeo kimoja chenye bawa la kushoto pungufu, hakuna mhasibu atakayethubutu kuukaribia. Hauazimwi, kwa sababu hakuna anayeutaka. Hauibiwi, kwa sababu hauna plagi ya kueleweka. Ndiyo mashine pekee ninayoijua inayolinda mapumziko ya mzee kwa kula hasara.

Mwaka jana niliamua kumtengenezea mjukuu ramani ya Tanzania ya kupanga vipande, kila mkoa kipande chake. Wazo si langu: katika miaka ya 1760 mchora ramani wa London, John Spilsbury, alibandika ramani kwenye ubao na kuzikata nchi moja moja ili watoto wajifunze jiografia. Nami nilibandika ramani yangu ya ukutani juu ya plaiwudi ya milimita 6, nikaanza na Mtwara. Miezi minane baadaye nilikabidhi kazi. Mtoto akahesabu, akaniuliza, "Babu, Songwe iko wapi?" Ramani yangu ilikuwa ya zamani. Mwaka 2016 serikali iliitoa Songwe ubavuni mwa Mbeya kwa tangazo. Mimi niliitoa kwa bledi nne na lugha ambayo mtoto hakupaswa kuisikia.

Mikoa 31 ilitimia, kasoro mmoja. Mjini Magharibi ya Unguja, kipande kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, ilichomoka vidoleni mwangu wakati wa kumalizia, ikapita kwenye tundu la meza na kutoweka. Tuliitafuta wote, ikashindikana. Mjukuu hakulia. Alikwenda jikoni, akarudi na punje ya karafuu, akaiweka mahali pake, ikakaa.

Jirani alipoiona alishika kidevu. "Mzee, hii shule zitanunua. Unauza bei gani?"

"Haiuzwi," nikamwambia. "Ina upungufu."

Akasikitika kwa dhati, akaondoka. Jumamosi iliyopita, nikitafuta ile skrubu, nilikikuta kipande nyuma ya transfoma, kizima, kimevaa vumbi. Nimekitia mfukoni. Siku jirani atakapoacha kuuliza bei, nitakitoa.