Tunaonja Tu

Banda la bati nyuma ya ofisi ya shirika moja, Walikale-centre, mashariki mwa Kongo, katikati ya Aprili 2025. Watumishi waliondoka kwa haraka mwezi uliopita, waasi wa M23 walipokuwa wanakaribia. Waasi waliingia Machi 19, wakatoka mwanzoni mwa Aprili, lakini ofisi haijafunguliwa. Ndani mmebaki jipu jeupe lenye antena ndefu, pamoja na betri yake, redio, kingʼora na saa. Sakafuni kando yake imewekwa betri ya sola ambayo kituo cha afya kiliihifadhi hapa isiibiwe. Panya anaingia kupitia tundu la waya wa breki.

PANYA: Jambo, muzee. Umeamkaje?

BETRI: Volti 12.2.

PANYA: Hiyo ni salamu?

BETRI: Ni hali yangu. Walipoondoka nilikuwa 12.7, nimejaa. Leo nimebaki nusu.

REDIO: Nusu ni nzuri sana, muzee. Nyumba ngapi hapa Walikale zimeona hata robo ya moto?

BETRI: Shefu, mimi si gunia la muhogo. Gunia ukila nusu, kilichobaki bado ni muhogo. Mimi nikikaa nusu, ile salfeti inayoota kwenye sahani zangu za risasi inaganda, inakuwa fuwele ngumu. Ikishakomaa, chaji haiitoi tena. Chini ya 12.4 ndipo ugonjwa unapopiga hodi, na nyinyi mmenivusha mlango huo bila hata kuniaga.

REDIO: Sisi? Gari limezimwa! Ufunguo wenyewe uko Kisangani, mfukoni mwa shofere.

BETRI: Gari limezimwa, nyinyi hamjazimwa. Nani anawasha kile kitaa chekundu kwenye dashibodi usiku kucha?

KINGʼORA: Ni mimi, na sioni haya. Mimi ni Usalama. Mwaka kama huu, nani wa kuuliza Usalama unakula nini?

SAA: Mimi ni Ufuatiliaji na Tathmini. Nisipohesabu dakika, wafadhili watajuaje kwamba muda umepita?

REDIO: Na mimi ni Uratibu. Kazi yangu ni kukaa tayari. Tunaonja tu, muzee. Tone hapa, tone pale.

BETRI: Matone yenu nyote watatu ni miliampea 50. Zidisha kwa saa 24, ni ampea-saa 1.2 kila siku. Mimi nilizaliwa na 70. Tangu nilipojaa, hata siku 60 hazitimii nitakuwa mkavu, na hapo sijahesabu ninachopoteza mwenyewe, kwa sababu betri iliyokaa tu huvuja asilimia tatu hadi tano kwa mwezi, na kwenye joto hili la bati huzidi.

PANYA: Na mimi je? Nimetafuna waya wa honi peke yake.

BETRI: Wewe angalau unaonekana.

REDIO: Tusitupiane lawama, tutafute suluhisho. Napendekeza warsha.

BETRI YA SOLA: Spana ya 10 inatosha.

REDIO: Mama Sola, samahani, wewe ni wa sekta ya afya.

BETRI YA SOLA: Ndiyo maana bado nina 12.7. Muuguzi alipoona watu wanakimbia, hakuandika ripoti. Alinijaza kwa pano la sola siku nzima, akafungua kichwa cha hasi kwanza, kisha cha chanya, akanifuta vumbi, akanileta hapa. Sina wa kunionja.

SAA: Lakini amekuweka kwenye saruji! Kila mtu anajua saruji hunyonya betri.

BETRI YA SOLA: Ilikuwa hivyo enzi za babu zetu waliovaa makasha ya mbao na mpira, unyevu ukapita ukabeba umeme. Sisi tumevaa plastiki. Sakafu hii ndiyo sehemu yenye ubaridi humu ndani. Kinachoniudhi ni bati la juu.

REDIO: Basi niwaambie jambo la kisomi. Zamani nikiwa hewani nilisikia wazungu wawili wakiongea. Kwao Marekani kuna magari yenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Mwenyewe akimaliza kutembea hulilaza miezi yote ya baridi, na betri huunganishwa na kichaja kidogo kinachoilisha polepole kwa volti 13.5 hivi, hata mwaka mzima.

PANYA: Gari lenye jiko! Wanatafuta panya?

BETRI: Gari la kutembelea tu linapata mlezi. Mimi niliyebeba wagonjwa toka Itebero nimeachiwa Uratibu.

KINGʼORA: Sentinele yupo. Juzi alileta chupa.

BETRI: Usinikumbushe. Sokoni kuna chupa mbili, zote zinaitwa maji ya betri. Moja ni maji yaliyotoneshwa, ya pili ni tindikali. Yeye alileta ya pili, aniongezee nguvu! Kinachopungua tumboni mwangu ni maji tu. Tindikali haiendi popote. Ukiongeza nyingine unanichoma sahani. Namshukuru Mungu vifuniko vilimshinda. Akasema basi atachota maji ya mto Lowa.

PANYA: Lowa ni maji mazuri.

BETRI: Kwa samaki. Mimi madini yake yananiua.

REDIO: Angekuwa na ufunguo, angewasha gari dakika tano kila asubuhi.

BETRI: Dakika tano zinalipa deni la kuwashia. Kunijaza kunataka masaa, na ile sehemu ya mwisho ndiyo hupanda taratibu kuliko zote. Angepoteza mazuti bure.

REDIO: Ikishindikana, tutaagiza mpya. Fomu ipo. Itapanda lori Kisangani, ipite Lubutu, ilale kwenye matope wiki mbili...

BETRI: ...ifike hapa imeshashuka, muipokee kwa hotuba.

Mlango unafunguliwa. Anaingia mwanamke mwenye blauzi nyeupe, kipima volti mkononi. Anampima Mama Sola, anatabasamu. Anafungua boneti ya jipu, anapima, anaguna. Anatoa spana mfukoni.

REDIO: Huyu ni nani? Ana barua ya kazi? Hawezi kugusa mali ya shirika bila sahihi tatu! Nitapeleka malalamiko Kinsha

Kimya. Kitaa chekundu kimezimika. Saa imesimama saa nne na dakika saba.

PANYA: Amewafanya nini?

BETRI: Amefungua hasi. Sasa anavuta waya wa pano mpaka hapa, na mlango ameuacha wazi. Anajua kazi: nikichajiwa natoa haidrojeni, na sentinele anapenda sigara.

PANYA: Kwa hiyo waya zote hizi hazina moto tena?

BETRI: Hata kidogo.

PANYA: Ladha je?

BETRI: Ladha hajaigusa.