Fadhila za Waya Mbovu

Watu wa mwambao ni hodari wa kusifu, na vitu vilivyosalimika na sifa zao ni vichache. Jahazi limesifiwa, mnazi umesifiwa, kahawa chungu na halua yake zimesifiwa. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, aliviimba vita vya Mvita na misukosuko ya watu wake kwa ufasaha mmoja. Na hapana harusi ya Mji wa Kale ipitayo pasipo bibi harusi kufananishwa na mwezi, hata pale ambapo mwezi wenyewe, lau ungalikuwa na ulimi, ungaliomba kutotajwa. Katika mafuriko yote hayo sijapata kusikia ubeti hata mmoja uliotungiwa waya mbovu wa pikipiki kuukuu, na dhuluma hii, iliyodumu tangu pikipiki zilipoanza kuvuma katika kisiwa chetu, ndiyo iliyonitia kalamu mkononi.

Nasema kwa ushahidi, si kwa uvumi. Pikipiki niliyorithi kwa ami yangu ni BSA C15 ya silinda moja, cc 250, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1958, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, na ambayo umeme wake ni wa volti 6 tu. Walioifunga nyaya zake hapo mwanzo hawana taksiri yoyote: waliifunga kwa ajili ya miaka michache na hali ya hewa ya kwao, si kwa zaidi ya nusu karne ya upepo wa chumvi unaoingia mchana kutoka baharini na kurudi usiku kuhakikisha kwamba kazi imekamilika. Chumvi hiyo hupenya ndani ya ganda la waya, ikaigeuza shaba nyekundu kuwa unga wa kijani, na waya ukabaki kwa nje mzima, mweusi, mwenye staha, kama nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi na boriti zilizokwisha kuliwa na mchwa.

Sifa ya kwanza ya waya mbovu, basi, ni nasaba. Asiudharau mtu kwa kuwa umepita mikono mingi, maana umeme wenyewe wa mji huu ulianza kwa mtumba: mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alichukua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Unguja, ikaletwa huku, ikawa ndiyo chimbuko la kampuni ya umeme na taa ya Mombasa. Nami nilipoubambua utepe wa nyaya zangu niliona tarehe ya ukoo mzima. Juu kabisa palikuwa na utepe wa plastiki wa juzijuzi. Chini yake utepe wa nguo ulioyeyuka ukawa kama lami. Chini yake tena kipande cha waya wa taa ya nyumbani, kilichosokotwa kwa vidole na mtu aliyekuwa na haraka. Na mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, iliyokunjwa kwa ustadi na mtu aliyependa kufika kuliko kuwa salama. Wako watu wenye shajara za nasaba zilizoandikwa kwa wino. Mimi yangu imeandikwa kwa utepe, na kila jadi ametia saini yake.

Sifa ya pili ni ilimu. Mwenye pikipiki mpya ya volti 12 hufa mjinga, kwani umeme wake una nguvu ya kuyasamehe makosa. Mwenye volti 6 hulazimishwa kujifunza hesabu kwa kutotendewa hisani. Taa ya wati 24 kwenye volti 6 hunywa ampea 4, na ukiwapo muungo mmoja wenye kutu, wenye ukinzani wa robo ya omu tu, volti moja nzima hupotelea hapo, yaani sehemu moja katika sita. Ilhali taa ya wati hizo hizo kwenye volti 12 hunywa ampea 2, na muungo ule ule huiibia nusu volti, sehemu moja katika ishirini na nne. Kutu ni ile ile, mwizi ni yule yule, lakini maskini huibiwa mara nne zaidi ya tajiri. Nimesoma vitabu vya siasa vilivyo vinene ambavyo havikunifahamisha jambo hili kwa uwazi kama taa ya pikipiki yangu ilivyonifahamisha usiku mmoja karibu na Ngomeni, ilipofifia ikawa sawa na sigara ya mtu anayewaza.

Aidha waya mbovu hufunza unyenyekevu. Katika nyumba zetu za zamani waya mwekundu ndio uliokuwa na moto, na kila mtoto aliambiwa auogope. Lakini katika pikipiki hii, kama katika nyingi za Uingereza za zama zile, upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, na waya mwekundu ndio wa bodi, mpole kuliko wenzake wote. Mwenye kuingia humo na ilimu ya nyumbani hutoka na fedheha, na msomaji aliweke neno hili akilini, maana tutarudi kwalo.

Sifa ya tatu ni uaminifu wa kulinda mali. Mlango hufunguliwa kwa ufunguo wa kubuni, na kufuli huvunjwa kwa jiwe, lakini hajazaliwa mwizi wa kuiba pikipiki ambayo mwenyewe, pamoja na ufunguo, dua na nusu saa ya kupiga kiki, hawezi kuiwasha. Na kuliko wezi wapo mabinamu. Binamu haibi: huazima, akaenda nayo harusini Likoni, akairudisha Jumatano ikiwa haina mafuta, akakulaumu kwa breki. Kwa muda wa miaka minne waya mbovu uliniokoa na aibu ya kusema hapana, kwani nilipoombwa nilijibu kwa uso mkunjufu, «Ichukue, ndugu yangu, ukiweza kuiwasha,» nikasifiwa ukarimu mtaa mzima bila ya kugharimika hata shilingi.

Sifa ya nne, iliyo kuu, ni kuwakusanya watu. Mtu mwenye chombo kizima hupita kwa salamu moja. Mtu aliyeinama kando ya chombo kibovu ni mali ya umma. Kila nilipoitoa pikipiki na kuiegemeza mbele ya baraza yetu Kibokoni, bisibisi mkononi, walikuja: muuza kahawa na dele lake, kijana wa bodaboda aliyenishauri niiuze, mwalimu aliyenishauri nisome, na mzee mmoja aliyekuwa fundi kalafati katika Bandari ya Kale, ambaye hakushauri lolote. Honi nayo ilikuwa na desturi yake. Kwa kuwa kitufe cha honi kazi yake ni kuugusisha waya na bodi tu, na waya wenyewe ulikuwa umechubuka pale unapoingia katika bomba la usukani, kila nilipokunja kushoto kuingia kichochoro chetu chuma kilifanya kazi ya kitufe, honi ikalia peke yake. Nyumbani wakalichukulia jambo hilo kuwa adabu yangu njema: honi ililia, dele likawekwa jikoni, na nilipofika mlangoni kahawa ilikuwa inachemka.

Ilikuwa ni yule mzee kalafati aliyeuharibu ulimwengu huo. Nilikuwa nimekwisha kubadili balbu mbili na betri moja kwa ajili ya taa ya mbele inayofifia, nami nilikuwa naazimia balbu ya tatu, aliponiambia kwa utaratibu, «Mwanangu, maji huyaona ngamani, lakini tundu haliko pale uyaonapo.» Akaniuliza nimeupima vipi waya. Nikamwambia nimeupima, una volti zote sita. Akauliza tena, taa ilikuwa inawaka au imezimwa? Ilikuwa imezimwa. Akacheka, na haki alikuwa nayo, kwa sababu waya uliooza ukipimwa bila ya mzigo husema uongo mtupu, sawasawa na mtu anayesifiwa ukarimu kabla ya kuombwa.

Basi nikawasha taa, nikapima upya, kwanza betri, kisha katikati ya safari, kisha kwenye balbu, nikiigawa njia nusu kwa nusu kama kalafati agongavyo mbao moja moja. Kwenda, moto ulikuwa unafika salama. Msiba ulikuwa katika kurudi. Ndani ya kikombe cha taa nikamkuta yule waya mwekundu niliyemtaja, amekatwa. Mmoja wa waliotangulia, mwenye ilimu ya nyumbani, alimdhania kuwa ndiye wa hatari, akamkata, na ncha yake akaizungushia utepe kwa uangalifu ambao hakuna kazi nyingine yoyote katika pikipiki ile iliyoupata. Tangu siku hiyo moto uliokuwa ukienda kwenye taa haukuwa na njia ya kurudia ila kupitia gololi za usukani, katikati ya grisi, mithili ya mtu arudiye nyumbani usiku wa mvua kwa kukanyaga matope.

Baada ya hapo sikuwa na udhuru. Nilizing'oa nyaya zote ila mmoja, nikazilaza juu ya mkeka, nikakata mpya moja moja kwa urefu wa zile za kale, nikizidisha shibiri moja penye usukani ili zisivutike nikikunja. Miungo niliitia lehemu badala ya kuisokota. Ncha za shaba nilizisugua kwa ndimu kama tusuguavyo madele, nikazisuuza kwa maji matamu, nikazikausha, nikazipaka mafuta mazito ili chumvi itafute kwingine. Na waya mwekundu nikaupeleka moja kwa moja, kutoka betri mpaka kikombe cha taa, usimtegemee mtu. Kazi ilichukua siku tatu. Siku ya nne taa iliwaka ikafika ukuta wa mwisho wa kichochoro, paka wakakimbia.

Hasara niliihesabu wiki hiyo hiyo. Muuza kahawa alipita bila ya kutua. Kijana wa bodaboda, asiye na la kunishauri tena, alinipungia mkono kwa mbali. Mzee kalafati alitoa salamu moja, akaenda zake. Ijumaa, baada ya swala, akaja binamu, akapiga kiki mara moja, injini ikaitika, naye akaniambia ya kuwa kuna harusi Likoni.

Kwa hivyo hukumu yangu ni hii: waya mbovu usafishwe, kwa kuwa roho ya mtu ni ghali kuliko mazungumzo ya baraza, na asiyeona mbele usiku hana haki ya kuitwa mshairi. Lakini waya wa honi sikuugusa. Ukiwa umekaa Kibokoni saa za magharibi ukaisikia honi ikilia pasipo mtu wa kupisha, usitoke na bisibisi, ewe jirani mwema. Ni mimi ninakunja kushoto, na dele liko jikoni.